Tusilikamate Bao: Kamari, Uhalifu na Sheria ya Wazururaji

Katika miji midogo ya milima ya Usambara kipo kilio kinachowaunganisha watu ambao kwa kawaida hawakubaliani: shehe na mchungaji, mzazi na mtendaji wa kata, mfanyabiashara wa sokoni na askari. Kilio chenyewe ni kwamba vijana wameharibiwa na michezo. Bao, drafti na karata, michezo iliyokuwa burudani ya jioni baada ya shamba, sasa inatajwa pamoja na wizi wa mazao, simu zinazopotea siku ya gulio, ugomvi wa kudaiana na ndoa zinazovunjika. Mlalo haiko peke yake katika jambo hili, kwani maneno hayo hayo utayasikia Korogwe, Muheza na kwingineko nchini. Na kila yanaposemwa, dawa inayopendekezwa ni moja: polisi waje, wavunje vijiwe, wawakamate wachezaji.

Kilio hiki ni cha haki. Dawa yake ndiyo ninayoikataa, na katika makala haya nitaeleza kwa nini. Hoja yangu ni kwamba uhalifu hauzaliwi na mchezo, wala hauzaliwi na uvivu wa mchezaji. Unazaliwa pale anapoingia mtu wa tatu, asiyecheza, ambaye riziki yake inatokana na kushindwa kwa wengine; naye ndiye ambaye sheria yetu, kwa namna inavyotumika, haimgusi.

Tuanze na mchezo wenyewe, maana wengi wanaouhukumu hawajapata kuutazama kwa makini. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, ambazo kwa desturi ni komwe. Kila mchezaji ana kete 32. Huanza na 10 ubaoni na 22 mkononi, akinamua kete moja moja mpaka za mkononi zimalizike, ndipo mchezo unapoingia katika mtaji. Hakuna dadu wala karata iliyofichwa. Kila kete iko wazi mbele ya macho ya wote, na anayeshinda hushinda kwa kumbukumbu, hesabu na subira. Mwalimu Nyerere alijulikana kwa kuupenda mchezo huu, na hakuna aliyewahi kumwita mzururaji kwa sababu hiyo. Drafti nayo, hata inapochezwa kwa vizibo vya soda juu ya kipande cha ubao kilichochorwa kwa mkono, ni mchezo wa akili. Karata zina bahati ndani yake, lakini hata hizo zimechezwa kwa miaka mingi barazani bila mtu kuibiwa.

Basi uhalifu unaingia kwa mlango gani? Tufuate safari ya dau. Hatua ya kwanza ni ndogo na haina madhara makubwa: anayefungwa ananunua soda au kikombe cha kahawa. Leo nimenunua mimi, kesho utanunua wewe, na fedha inazunguka miongoni mwa watu wale wale. Hatua ya pili ni pale watazamaji wanapoanza kuwekeana dau juu ya wachezaji. Hapo kiasi kinaongezeka, na anahitajika mtu wa kushika fedha. Hatua ya tatu ni pale mshika dau huyo anapoanza kudai fungu lake katika kila mchezo, kwa madai kwamba kijiwe ni chake, benchi ni lake na taa ni yake. Kuanzia hapo mchezo umekuwa biashara, na biashara hiyo ina hesabu ambayo mchezaji haioni.

Tuifanye hesabu hiyo kwa mfano. Watu 10 wamekaa kijiweni, kila mmoja ana shilingi 5,000. Fedha yote ni shilingi 50,000. Kila fedha hiyo inapomaliza mzunguko mmoja wa madau, mshika dau anachukua sehemu moja ya kumi. Baada ya mzunguko wa kwanza zimebaki 45,000. Baada ya wa pili 40,500. Ikifika mizunguko 7 zimebaki chini ya 24,000. Zaidi ya nusu ya fedha ya watu 10 imehamia mfukoni mwa mtu ambaye hakugusa kete hata moja. Wachezaji wanatazamana kwa chuki, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyemmaliza, kumbe wote wamemalizwa na mmoja aliyekaa pembeni. Mwenye ujuzi wa bao anaweza kuwashinda wenzake. Fungu la mwenye kijiwe hawezi kulishinda kwa ujuzi wowote, kwa sababu linakatwa iwe ameshinda yeye au mwingine.

Hatua ya nne ndiyo inayozaa jinai. Aliyemaliza fedha zake hataki kuondoka akiwa ameshindwa, na hapo hapo kijiweni yupo wa kumkopesha. Mara nyingi ni mshika dau mwenyewe au mtu wake. Ni mkopo wa aina ile ile ambayo umma umeipa jina la kausha damu: leo elfu kumi, keshokutwa elfu kumi na tano. Sasa zingatieni jambo hili, hasa wanafunzi wa sheria. Sheria ya Mikataba inayahesabu makubaliano ya kuwekeana dau kuwa batili. Deni la kijiweni haliwezi kupelekwa mahakamani. Mdai hana hakimu, hana hati, hana dalali wa mahakama. Alichonacho ni vitisho na ngumi, na kumtangaza mdaiwa mbele ya wakwe zake. Mdaiwa naye hana pa kulalamika, maana akienda polisi atakuwa amejishitaki mwenyewe kwa kucheza kamari. Deni lisilo na mahakama hulipwa kwa namna mbili tu: kwa mali ya nyumbani au kwa mali ya jirani. Ndipo unaposikia debe la maharage la mama limetoweka, mfuko wa mbolea ya ruzuku umeuzwa kabla ya kufika shambani, au kabeji zimekatwa usiku katika shamba la mtu mwingine.

Mazingira ya Usambara yanaifanya safari hiyo iwe fupi zaidi. Mkulima wa mboga hapati mshahara wa kila mwezi. Fedha yake huja kwa mkupuo, siku lori la kwenda Dar es Salaam au Tanga linapopakia viazi, karoti na kabeji, kisha hupita majuma mengi mikono ikiwa mitupu. Mashamba ni madogo na yamegawanywa mara nyingi kati ya baba na wanawe. Kijana wa miaka 22 ambaye hana shamba lake hupata kibarua cha siku mbili za kupakia mizigo, akabaki na siku tano za kungoja. Anayejua kalenda hiyo ni dalali, na baada ya dalali ni mshika dau. Kijiwe hustawi siku ya gulio kwa sababu siku hiyo fedha iko mifukoni, na wenye vijiwe wanalijua hilo vizuri kuliko mipango yetu ya maendeleo.

Wapo watakaosema kwamba natia chumvi, kwamba mchezo wa kijijini hauwezi kufika mbali. Watazame Ufilipino. Mapambano ya majogoo, yanayoitwa sabong, ni mchezo wa jadi uliokita mizizi katika jamii ya nchi hiyo, na kwa vizazi vingi watu wamewekeana dau juu yake uwanjani. Wakati wa janga la korona mchezo ukahamishiwa kwenye simu: mapambano yakarushwa mtandaoni mchana na usiku, na mtu akaweza kuweka dau akiwa kitandani. Fedha iliyokuwa ya kijiji ikawa ya makampuni. Kati ya mwaka 2021 na mwanzoni mwa 2022 watu zaidi ya 30 waliohusika na mapambano hayo walitoweka. Rais Rodrigo Duterte mwanzoni alisita kuufunga mchezo huo wa mtandaoni, akitaja mapato ambayo serikali ilikuwa inayapata. Mwezi Mei 2022 aliagiza usimamishwe. Jogoo alikuwepo miaka yote hiyo, na dau pia lilikuwepo. Kilichoongezeka ni ukubwa wa fedha pamoja na watu waliokaa katikati yake.

Sasa turudi kwa sheria yetu. Tunapoagiza polisi wakavunje kijiwe, askari anatumia chombo gani? Mara nyingi ni vifungu vya uzembe na uzururaji vya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ambayo tumeirithi kutoka utawala wa Waingereza. Vifungu vya aina hiyo vinamweka anayecheza mchezo wa bahati kwa fedha hadharani katika kundi moja na ombaomba na kahaba. Chimbuko lake ni Sheria ya Wazururaji ya Uingereza ya mwaka 1824, iliyotungwa baada ya vita vya Napoleon, wakati watawala wa London walipoogopa maskini na askari waliorudi vitani bila kazi. Sheria hiyo ilitaja waziwazi wanaocheza kamari barabarani na mahali pa wazi. Tajiri aliyecheza karata ndani ya klabu yake haikumhusu. Kosa lilikuwa kucheza ukiwa maskini, na kuonekana ukicheza.

Wasambaa waliionja hofu hiyo ya watawala hata kabla ya Waingereza. Mwaka 1907, Lushoto ilipoitwa Wilhelmstal, Wajerumani walianzisha kadi ya kazi iliyomlazimisha mwanamume kufanya kazi siku 30 katika kila miezi minne kwa mwajiri wa Kizungu. Aliyebaki kwenye shamba lake mwenyewe alihesabiwa kuwa mvivu. Nasi tulipojitawala hatukuachana na fikra hiyo kabisa. Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983 ilifuatiwa na misako ya kuwaondoa mijini wale walioitwa wazururaji. Neno lenyewe limekaa katika vinywa vya viongozi wetu mpaka leo, kana kwamba kukosa kazi ni tabia mbaya ya mtu, wala si hali ya uchumi.

Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kuhusu sheria za aina hii, kufuatia ombi la Umoja wa Mawakili wa Afrika. Ilisema kwamba sheria za uzururaji haziendani na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, kwa kuwa zinamwadhibu mtu kwa hali yake badala ya tendo lake, na kwamba nchi zina wajibu wa kuzirekebisha au kuzifuta. Maoni hayo yalitolewa ndani ya mipaka yetu wenyewe. Mtumishi wa umma anayesaini agizo la msako anapaswa kuyasoma.

Lakini tuache haki za binadamu kwa dakika moja, tuulize swali la manufaa tu: je, msako unapunguza wizi? Fikiria unavyokwenda. Gari la polisi linapanda mlima, linaonekana likiwa mbali. Mshika dau, ambaye ana simu na ana marafiki, ameondoka zamani. Wanaobaki ni wazee wawili waliokuwa wakicheza bao bila senti, vijana watatu wasio na mbio na mpita njia mmoja. Ndugu zao wanahangaika kutafuta fedha za kuwatoa, na fedha hiyo wanaikopa. Kwa nani? Kwa yule yule mkopeshaji wa kijiweni. Msako uliokusudiwa kuvunja kamari umemwongezea mwenye kamari wateja. Tena kila penye sheria inayoweza kumkamata yeyote aliyekaa, pana mwanya wa rushwa: mwenye kijiwe anaweza kulipia usalama wake kila wiki, mcheza bao hana cha kulipa.

Na kuna jambo jingine linaloifanya sheria hii ionekane kichekesho machoni pa vijana. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 iliunda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania na kuruhusu, kwa leseni, kasino, mashine za sarafu na ubashiri wa matokeo ya michezo. Kabla ya hapo tulikuwa na sheria za bahati nasibu za mwaka 1967 na 1974. Maana yake ni kwamba Dola ilishiriki katika biashara ya bahati hata katika miaka ya Ujamaa. Leo kijana anayecheza bao kwa dau la shilingi 500 chini ya mti anaweza kukamatwa, ilhali jirani yake anayelisha sarafu kwenye dubwi lenye leseni ndani ya baa, au anayebashiri mechi za Ulaya kwa simu yake, hana kosa. Wa kwanza anatumia akili katika mchezo ulio wazi. Wa pili amekabidhi fedha yake kwa mashine aliyoitengeneza mtu mwingine. Tofauti yao mbele ya sheria ni leseni na kodi. Sisemi leseni haina maana. Angalau inaleta ukaguzi, na inakataza wenye umri chini ya miaka 18. Nasema kwamba hatuwezi kumhubiria kijana kuhusu maadili ya bao huku tukikusanya kodi ya dubwi, kisha tukashangaa kwamba hatusikilizi.

Najua pingamizi litakalokuja, nalo ni zito. Watasema kamari ni kamari, iwe ya kete au ya mashine. Uislamu umeiharamisha, na kanisa linaikemea. Mlalo ni mji wa misikiti, na pia ni mji ambao wamisionari wa Kilutheri walifika mwaka 1891, hivyo pingamizi hilo lina wasemaji wengi na wenye heshima. Sina ugomvi nao. Mimbari ina haki ya kumwambia muumini aache dau, hata la kikombe cha kahawa. Lakini kazi ya Dola ni nyingine. Dola inapaswa kuuliza nani ameumizwa, nani amenufaika, na ni chombo gani kitazuia madhara bila kuzaa madhara mapya. Dhambi na jinai zinakutana mara nyingi, ila haziwi kitu kimoja. Tukizichanganya, askari anakuwa mhubiri mbaya na sheria inakosa heshima.

Mlalo yenyewe ina somo la zamani kuhusu jambo hili. Kuanzia mwaka 1946 utawala wa Waingereza uliendesha hapo mpango wa kuhifadhi udongo, ambao baadaye ulipanuliwa Usambara. Lengo lilikuwa jema: mmomonyoko ulikuwa wa kweli na milima ilikuwa inachakaa. Lakini mpango ulikuja kwa amri. Wakulima walilazimishwa kuchimba matuta, wasiochimba wakatozwa faini na kufungwa, na hakuna aliyewauliza wanawake, waliobeba kazi kubwa ya shamba, wangepata wapi nguvu na muda. Watu walipinga, na kabla ya Uhuru mpango ukaachwa. Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu wanazuoni wakulima wa Usambara, ameonyesha jinsi Wasambaa walivyoyapima mambo hayo kwa maneno yao wenyewe: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu nchi. Mtawala alipimwa kwa kuponya au kuharibu. Ukali wa amri zake haukuwa kipimo. Kipimo hicho bado kinatufaa.

Ni hatua gani basi zitakazoiponya nchi? Kwanza, tumfuate mkopeshaji. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka kila anayekopesha kama biashara, hata mtu binafsi, awe na leseni. Anayekopesha kijiweni kwa riba ya siku tatu bila leseni ana kosa lililo wazi, na kumthibitishia hakuhitaji kumkamata mcheza bao. Mcheza bao ndiye shahidi. Anachohitaji ni uhakika kwamba akifika kwa Polisi Kata kusema anatishiwa, hatageuzwa mshitakiwa.

Pili, mkutano mkuu wa kijiji upewe kazi hii. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982 inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, zikajadiliwa na wananchi na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Vijiji vya tarafa ya Mlalo vinaweza kuamua mambo machache yanayoeleweka: mtoto asikae kijiweni penye dau, mtu yeyote asitoze fungu katika mchezo wa barazani, pembejeo na mazao mabichi yasipokelewe kama dau wala rehani, na mchezo usio na fedha usiguswe na mgambo wala askari. Kanuni hizo zitungwe na wachezaji wenyewe wakiwepo, kwa maana wao ndio wanaojua nani anakata fungu.

Tatu, tuzungumze juu ya zile siku tano za kungoja. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kijana wa Mlalo anayepata mkopo huo kwa wakati hana haja ya kausha damu. Wanaharakati wangefanya jambo la maana kuuliza, kata kwa kata, nani amepata, lini na kiasi gani, na majibu yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya mtendaji.

Nne, tuurudishie mchezo heshima yake. Shule ya sekondari inayoandaa mashindano ya bao na drafti, yenye kikombe na bila dau, inamfundisha mwanafunzi hesabu na subira, na inampa mahali pa kupeleka ujuzi wake bila mshika dau.

Hakuna kati ya hatua hizi inayohitaji sheria mpya kutoka Dodoma, isipokuwa moja tunayodaiwa tangu mwaka 2020: kuvifuta vifungu vya uzururaji. Mpaka hapo vitakapofutwa, ombi langu kwa watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu ni dogo. Siku mtakapopokea malalamiko ya wizi yanayohusishwa na kijiwe, kabla ya kuagiza gari la polisi, ulizeni maswali matatu: nani alishika dau, nani alikopesha, na mali iliyoibwa iliuzwa kwa nani? Majibu yakipatikana, mtakuwa na majina matatu ya kuanzia, na yaelekea hakuna hata mmoja kati yao atakayekuwa amekaa mbele ya bao.